Mjomba, Mwalimu Amekula Kiunzi cha Mfupa

Mjomba Pankrasi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulikuwa mtu wa kununa siku nzima mtu akikupita bila kukuamkia, na sitaki kuanza barua kwa ugomvi.

Tangu tukuzike kule mlimani Mlali, masika yamekuja yakaondoka na sijakuandikia hata mstari mmoja. Si kwamba nimekusahau. Kila nikishika kalamu naanza kulia, na kazi yetu unaijua: chozi likidondokea mafuta ya moto, mafuta yanakurukia usoni. Nina alama mbili shavuni ambazo watu wanadhani ni chunusi. Ni wewe hizo. Lakini leo sina machozi. Leo nina umbea, na wewe ndiye niliyekuwa nakuletea umbea kabla haujapoa, kwa hiyo kaa vizuri usikilize.

Nianze na kibanda chako cha chipsi. Kipo, na nimekirithi mimi. Kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini, wazee walisema kwetu Waluguru mali ya mjomba ni ya wapwa, hilo halina mjadala. Mjadala ukawa kwenye mali yenyewe. Televisheni yako iligombewa na wapwa wanne. Redio wapwa watatu. Karai, jiko na lile kabati la kioo lenye ufa havikugombewa na mtu, kwa sababu wenzangu wote wameshawahi kumenya viazi. Wazee wakaniangalia, nikaangalia chini, ikawa imepita. Nilirudi Mazimbu, kibandani kwetu karibu na chuo, na karai kichwani, lile lile lililokuwa limepelekwa kukaangia maandazi ya msiba wako. Maandazi yalikuwa mabaya, Mjomba. Ungeyaona ungefufuka kwa hasira.

Shabani, yule bodaboda aliyekubeba siku ile, ameuza pikipiki. Sasa ana bajaji, anasema hapandi tena kitu cha magurudumu mawili mpaka afe. Kila abiria anasimuliwa: jinsi mlivyotoka Mkuyuni na trei mbili za mayai ya kienyeji, mkafika kona yenye kokoto, pikipiki ikalala ubavu, na wewe badala ya kujishika ukayakumbatia mayai. Mayai sitini. Halikupasuka hata moja. Uliyepasuka ni wewe.

Mfupa wa paja. Hospitali wakaufunga, ukakataa kuunga. Wakaweka chuma, bado ukakataa. Ulikuwa mbishi mpaka ndani ya mifupa. Na mwisho tunaujua wote wawili, nisiurudie.

Sasa umbea.

Asubuhi moja alikuja dada mwembamba, hijabu ya kijani, miwani mikubwa, anaitwa Nuru, mtu wa Tanga. Akasalimia kwa kirefu, habari za nyumbani, za watu wa nyumbani, za kazi, za afya, mpaka nikaanza kuogopa kwamba ametoka halmashauri kukagua choo. Mwishowe akasema, "Dada, samahani, nilikuwa naomba maganda."

Nikamwambia maganda ya viazi yana mwenyewe, anachukua jirani mwenye nguruwe.

"Si ya viazi. Ya mayai."

"Ya nini?"

"Natengenezea mfupa."

Nikaliangalia bango letu, lile uliloandika kwa mkono wako, ZEGE LA KWELI LIPO HAPA. Nikamwambia sisi zege letu ni la chipsi na mayai tu, mambo ya mifupa ajaribu kwa muuza supu kule mbele.

Akacheka, akakaa, akaagiza chai. Kumbe ni mtafiti, anasoma hapo chuoni. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi kutumia simu. Anasema ganda la yai ni chokaa tupu. Analichoma kwenye tanuri kali mpaka linakuwa unga mweupe, anachanganya na dawa nyingine, unapatikana unga wa aina ileile ambayo mfupa wa mtu umejengwa nayo. Unga huo anaukoroga uji, anachovya vipande vya sponji, anavirudisha motoni. Sponji inaungua na kupotea, kinabaki kijiwe cheupe chenye matundu matundu. Hicho anakiita kiunzi. Kinawekwa pale mfupa ulipokatika na kuacha pengo. Chembe hai za mfupa zinapanda humo kama mafundi wanavyopanda mirunda kwenye ghorofa, zinajenga, na kadiri zinavyojenga mirunda yenyewe inayeyuka polepole.

Nikamwambia hapa Morogoro mirunda haiyeyuki, inaibiwa.

Tukacheka wote. Kisha nikamuuliza, kwa kuendeleza mazungumzo tu, hicho kiunzi ni cha watu gani hasa. Akasema, "Wale ambao mfupa umekataa kuunga."

Mjomba, niliunguza zege la mteja. Likawa jeusi na mimi nimesimama nalitazama.

Tangu siku hiyo nikawa namwekea maganda yote. Nayaosha, nayachemsha, navua ile ngozi nyembamba ya ndani kwa kucha, naanika kwenye ungo. Watu wakaanza maneno. Mara eti nauza maganda kwa watu wanaotengeneza mayai feki, wanajaza uji ndani na kuyaziba. Mteja mmoja akaanza kulitikisa kila yai sikioni kabla sijalipasua. Nilivumilia. Wewe ulinifundisha kwamba mteja mjinga ni mteja bado.

Unamkumbuka Mwalimu Damasi? Yule mstaafu wa chai na chipsi kavu kila asubuhi, anayesahihisha Kiswahili cha wateja wenzake. Yupo. Macho yamezidi kufifia, miwani hataki, anasema hakuna kitu cha kusoma kwenye chai. Mshike hapo Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyeharibu kila kitu.

Nuru alihangaika sana. Viunzi vyake vilikuwa vinapasuka kabla hata ya kufika motoni. Wiki kwa wiki anakuja amekunja uso, anakunywa chai, anaondoka. Mpaka siku moja akaja anatembea kama amebeba maji ya ubatizo: kisahani cha plastiki mikononi, ndani vijiwe sita, vyeupe, vya mraba, vya kutosha sungura sita. Ndiyo, sungura. Kabla kitu hicho hakijamkaribia mtu kinaanza kwa sungura, na kibali alikuwa nacho, siku ilikuwa imepangwa. Alikuwa anavipeleka maabara akaona lazima anionyeshe kwanza, maana maganda ni yangu. Nilijisikia kama bibi wa mtoto.

Simu yake ikaita. Akaweka kisahani mezani, akasogea pembeni kusikiliza. Mimi nikageukia karai. Sikukaa hata dakika tano.

Nikasikia nyuma yangu, "Leokadia! Kashata hizi mmezipika lini?"

Niligeuka taratibu sana, Mjomba, kwa sababu mwili ulishajua. Mwalimu Damasi alikuwa na kiunzi kimoja kinywani na kingine amekichovya kwenye chai. Anatafuna kwa bidii, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Kikasikika kitu, *ka*! Akatoa mkono mdomoni, akatazama kiganjani. Lilikuwa jino. Lake.

"Kashata hii," akasema kwa heshima zote, "imekaa muda mrefu."

Nilipohesabu, viwili vilikuwa vimeshuka tumboni, kimoja kimelowa chai, na kimoja kimevunjika vipande, jino limekaa katikati yake. Vilivyobaki vizima ni viwili. Nuru alirudi anatabasamu, akaona kisahani, akaona jino, akakaa juu ya ndoo ya viazi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, unajisikiaje?"

"Nina kiu," akasema Mwalimu.

Nuru akampigia simu msimamizi wake, profesa mmoja mama. Nilisikia hata mimi sauti ikitoka upande wa pili: "Amekula *vingapi*?" Profesa akamwambia ni madini ya mfupa tu, hayana sumu, lakini babu aende hospitali aangaliwe. Shabani akampeleka na bajaji. Daktari akamwona mzima, akamshauri avae miwani.

Hapo ndipo ingeishia, kama Mwalimu angenyamaza. Lakini wewe umeshawahi kumwona mwalimu mstaafu akinyamaza? Jumamosi kwenye jumuiya, baada ya sala, alisimama akasema kwamba amekula mfupa wa kisayansi kwenye kibanda cha Leokadia, na tangu hapo goti lake la kushoto, lililomsumbua miaka yote, halimuumi hata kidogo. Akaruka ruka mbele ya kina mama kuwaonyesha.

Jumatatu asubuhi walikuwa watatu. Jumanne sikuwahesabu. Walikuwa wanachechemea kutoka pande zote, Mjomba, wa Kihonda, wa Mlali, mama mmoja amebebwa na wajukuu. Wote wanaomba kashata ya magoti.

Na sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Sikukataa. Sikusema ipo, lakini sikusema haipo. Nilisema, "Leo imeisha." Basi wanakaa kusubiri kesho, na mtu akikaa anaona njaa, na akiona njaa anaagiza chipsi. Siku tatu nzima nilisema imeisha. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba neno "imeisha" si uongo.

Siku ya tatu ikaja pikapu ya kabichi. Juu ya kabichi wamelaza mtu, mwanaume wa makamo, anaitwa Gaudensi, mkulima wa kule Mlali. Alianguka kutoka kwenye lori la mazao, akavunjika paja. Paja, Mjomba. La kulia, kama lako. Wamemshusha, wamemkalisha kwenye kiti chako, jasho linamtoka, anatabasamu. Nikamuuliza hospitali wanasemaje. Akasema wamemwekea chuma, na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kliniki, lakini aliposikia habari ya kwangu akaona asipoteze muda kule, aje huku moja kwa moja.

Nikaona giza.

Kwa sababu mimi na wewe tunajua ile Jumanne. Ulikuwa na kliniki. Ulikuwa umekaa hapohapo, mguu umenyooshwa juu ya kreti, unanielekeza kukaanga kwa fimbo kama mwalimu wa kwaya. Ukasema, "Leka, leo mahafali chuoni, watu watakula mpaka waparamiane. Nani atakaanga? Kliniki twende wiki ijayo." Na mimi nikasema haya. Niliuona mguu ulivyokuwa unang'aa kwa uvimbe, Mjomba. Niliuona. Lakini na mimi nilitaka mahafali. Nikasema haya. Wiki iliyofuata usaha ulikuwa umeshafika ndani, na daktari akauliza kwa nini hatukuja, na wewe ukasema, "Mimi ndiye niliyekataa." Ulinikingia kifua, ukafa na uongo huo.

Nilizima jiko. Nikapanda juu ya kreti la soda mbele ya watu wote, nikasema, "Jamani, hapa hakuna dawa. Haijaisha, haijawahi kuwepo. Kile ni kiunzi, hakiliwi. Kinawekwa ndani ya mfupa na daktari, na hata hivyo bado hakijafika kwa watu, kiko kwa sungura."

Yule mama aliyebebwa na wajukuu akauliza, "Kwa hiyo sungura wanapewa, sisi tunanyimwa?"

Ukatokea ugomvi mkubwa kuhusu sungura. Kuna aliyesema serikali inapendelea wanyama. Kuna aliyeuliza kama akinunua sungura anaweza kupata kwa mlango wa nyuma. Mwingine akadai arudishiwe hela ya chipsi alizokula siku tatu, nikamuuliza na yeye atanirudishiaje chipsi zenyewe. Sikungoja wamalize. Tulimpakia Gaudensi kwenye bajaji ya Shabani, mguu wake umelala mapajani kwangu, na tukaenda hospitali. Shabani, ambaye anapita kila mtu barabarani, siku hiyo aliendesha taratibu mpaka tukapitwa na baiskeli ya mkaa. Kila tuta analipigia hodi kwanza.

Tulichelewa lakini walimpokea. Daktari alifungua bandeji, akanusa, akaninong'oneza, "Mmefanya vizuri kumleta leo. Kidonda kimeanza kuingia usaha." Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza lini. Nikasema mwaka jana. Akaondoka.

Kesho yake Nuru akaja, midomo mikavu. Profesa amemwita ofisini. Habari zimefika chuoni kwamba kuna kibanda cha chipsi kinawapa watu vitu vya utafiti wake kama dawa. Wakithibitisha, utafiti unasimamishwa, na miaka yake yote ya masomo inakwenda na maji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada Leka, nimekuja kukuaga kama sitarudi." Afadhali angenipiga.

Nikavua aproni. Nikamwambia twende wote. Tukampitia Mwalimu Damasi, akasema ngoja avae koti.

Mjomba, ofisi ile ina zulia. Mimi nanuka mafuta, Mwalimu amevaa koti la harusi yake, Nuru katikati yetu kama mtoto aliyeletwa na wazazi shuleni. Profesa ni mama mnene, mtulivu, anakuangalia bila kupepesa. Nilimweleza kila kitu, mpaka ile "imeisha." Nilimwambia dada huyu hakujua lolote, niliyenyamaza watu wakajazana ni mimi, na kama kuna wa kufukuzwa anifukuze mimi, ingawa mimi sisomi hapa.

Kisha Mwalimu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Profesa," akasema, "vile viunzi viwili nilivila mimi, cha tatu nikakilowesha, na cha nne nikakivunja kwa jino, ambalo ninalo hapa kama ushahidi." Akalitoa mfukoni, limefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akaliweka mezani. Profesa akalisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu.

"Na goti?" akauliza.

Mwalimu akaangalia zulia. "Goti linaniuma kama kawaida. Hata sasa linaniuma. Nilisema limepona kwa sababu nilimwona binti huyu amekaa juu ya ndoo, ameharibikiwa na kazi yake yote, na mimi ndiye niliyeitafuna. Niliona aibu. Nikataka isiwe imeliwa bure."

Sijui kama umewahi kumwona profesa akicheka huku anajizuia. Mabega yanaruka, uso umekaa palepale. Mwishowe akafuta macho, akamwambia Nuru aandike maelezo ya tukio zima, aende akatengeneze vingine, na kuanzia leo hakuna sampuli itakayopita karibu na chai. Mimi akaniagiza nibandike tangazo kibandani. Nimelibandika chini ya bango lako: HAPA HATUTIBU MTU. Mwalimu alisahihisha herufi.

Kutengeneza upya ikawa shida ileile. Uji ukikauka, vipande vinapasuka. Siku moja nilikwenda naye mpaka mlangoni mwa maabara na ndoo ya maganda, nikaona ameviweka mbele ya feni. Feni, Mjomba! Nikamuuliza kwa nini. Akasema vikauke haraka. Nikakumbuka Bibi, mama yako, na vyungu vyake kule mlimani. Ulivyokuwa unatusimulia kwamba mkicheza karibu na chungu kibichi anawafukuza na mwiko, si kwa kuogopa mtakivunja, bali kwa sababu mnakipitishia upepo. Nikamwambia Nuru hicho ni chungu, kiweke kivulini, kifunike na kitambaa chenye unyevu, kikauke bila kujua kwamba kinakauka. Akanitazama juu ya miwani. Akazima feni.

Vilitoka vizima zaidi ya alivyohitaji. Alinipigia simu anapiga kelele za Kitanga ambazo sikuzielewa hata neno. Kwenye andiko lake ameandika kwamba njia ya kukausha aliipata kwa wafinyanzi wa Uluguru. Bibi yupo kwenye kitabu cha chuo, Mjomba. Hakujua kusoma.

Sungura wakafanyiwa upasuaji, wamelazwa usingizi, wakashonwa vizuri. Tukasubiri. Nilikuwa nawapelekea majani ya karoti kila Ijumaa, eti napita tu. Zilipopigwa picha za eksirei, Nuru aliniita nikaone. Akaziweka kwenye kioo chenye taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Pale palipokuwa na shimo kwenye mfupa, kuna ukungu mweupe umeingia kwenye matundu ya kiunzi, kutoka pande zote mbili, kama watu wa ng'ambo mbili za mto wanaojenga daraja na wameanza kusikiana. Sungura watano walikuwa hivyo. Wa sita, hakuna kitu. Kiunzi kimekaa peke yake, mfupa umekigeuzia mgongo.

Nikauliza huyo anaitwa nani. Nuru akasema hawana majina, wana namba. Nikamwambia yule anaitwa Pankrasi.

Kisha nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ya kwanza. Kama kitu hiki kingekuwepo ulipovunjika wewe, kingemfaa mtu wa paja? Wewe ungedhani atanifariji. Alivua miwani akasema, "Dada Leka, sijui. Sungura si mtu. Labda siku moja, labda isiwe hiki, kiwe kingine. Na kama kulikuwa na usaha, hata kiunzi kizuri kisingesaidia kitu." Nilishukuru. Watu wengi wamenifariji tangu ufe, na yeye ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Nilimkaangia zege la mayai manne.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Wateja wamerudi, na yule wa kutikisa mayai anatikisa bado. Mwalimu ana miwani sasa. Siku ya kwanza kuivaa aliniangalia vizuri akasema, "Kumbe umekua."

Mjomba, nilikuwa natafuta namna ya kukuomba msamaha kwa ile Jumanne, na nimegundua hakuna namna, kwa sababu wewe ulishanisamehe kabla sijaomba, mbele ya daktari, kwa uongo. Basi ninachokuahidi ni hiki. Mtu yeyote wa kliniki akikaa kwenye kibanda hiki siku ya kliniki yake, nitazima jiko. Hata yawe mahafali. Na mlimani nitapanda mwezi wa kumi na moja, mimi na Mama, tukupalilie kaburi.

Lala salama, Mjomba wangu mbishi. Ningeandika zaidi lakini leo ni siku ya Gaudensi, na Shabani ameshaanza kupiga honi. Wamebadilisha chuma, kidonda kimekauka, na daktari amesema leo atajaribu kukanyaga bila magongo. Ana hofu kama mtoto. Nimemwambia nitasimama upande wa kulia, ulipo ule mguu. Akianguka aniangukie mimi, nimenenepa, hataumia.

Mpwa wako,
Leokadia